Taa ya Njia ya Tatu

Shefu Posti hakuwahi kufunga mlango mara moja. Aliufunga, akaenda kidogo, akarudi, akausukuma kwa kiganja aone kama kweli umekubali, ndipo akaenda zake. Hata mlango wa choo. Hata mlango wa kanisa siku ya Jumapili, watu wote wakiwa wameshatoka na padri mwenyewe anangoja na ufunguo mkononi. Mtaani kwetu Kikula, hapa Likasi, walimcheka kwa hilo, na walimwamini kwa hilo hilo. Asiyeuamini hata mlango wake, walisema, huyo ndiye wa kumwachia nyumba ukisafiri.

Jina lake halisi wengi hawakulijua. Posti ni kile kijumba cha ghorofa pale stesheni, chenye madirisha pande zote, ambamo alikaa miaka yake yote ya kazi akizielekeza treni: hii njia ya kwanza, hii ya pili, hii ingoje. Alikuwa mkuu wa pale, na alipoachishwa kazi pamoja na wenzake, jina hawakumnyang'anya. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, mwalimu wa shule ya msingi, mjane wa mtu aliyefanya kazi chini ya madirisha yale. Nimemjua Shefu Posti kwa muda mrefu kuliko nilivyomjua mume wangu. Hilo peke yake linaniuma.

Niseme mapema nilichokitaka kwake, asije mtu akadhani naandika kwa mapenzi. Mume wangu, Baba Kabeya, kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa. Anaingia katikati ya behewa na behewa, ananyanyua kiungo cha chuma, anakifunga, anatoka. Mtu wa kazi hiyo haingii mpaka ameuliza posti kwa simu ya kwenye nguzo: njia imefungwa? Posti ikijibu imefungwa, ingia, ndipo anaingia. Asubuhi moja baada ya mvua mume wangu aliingia kwenye njia ya tatu, na kichwa cha treni kilichotakiwa kwenda njia ya pili kikaja huko huko, kikasukuma mabehewa yakambana. Wakubwa wa reli walikuja, wakakaa, wakauliza. Shefu Posti akawaambia hakupigiwa simu yoyote. Basi wakasema marehemu aliingia bila kuuliza, kwa hiyo alijitakia. Neno hilo ndilo walilonirudishia pamoja na viatu vyake.

Mwanangu Kabeya alikuwa mdogo. Alikua akijua kuwa baba yake alikufa kwa haraka zake. Na mimi, tangu siku ile, nilitaka sentensi moja tu kutoka kwa mtu mmoja, isemwe mbele ya mwanangu: baba yako aliuliza. Nilijua aliuliza. Mume wangu alikuwa mtu wa kuuliza. Aliweza kuniuliza kama bukari, ugali wetu, imeiva huku anaiona iko mezani inatoa moshi.

Basi nirudi kwa Shefu.

Katika kazi ya posti, maneno hurudiwa. Mtu akiambiwa jambo kwa simu analirudia lote, neno kwa neno, ili aliyesema ajue limefika vile lilivyotoka. Shefu aliileta desturi hiyo nyumbani na kuitembeza mtaa mzima. Ukimtuma mtoto mbele yake akanunue chumvi, mtoto haendi mpaka amesema, "Naenda kununua chumvi." Ukimwambia Shefu tutaonana kesho saa nne, anajibu, "Kesho, saa ine," kisha anakutazama mpaka nawe umesema. Kwenye ndoa ya binti wa fundi cherehani wa mtaa wetu, padri alimwuliza bwana harusi swali lile la kuulizwa, na kijana, kwa woga, akajibu kwa sauti ya ndani ya koti. Kutoka benchi la nyuma tukasikia: "Arudie!" Kanisa zima likacheka mpaka padri akashika kitabu kifuani. Kijana akarudia, safari hii kwa sauti ya kuuza samaki, na ile ndoa imedumu. Watu bado wanaisimulia.

Mimi pia nilicheka. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kicheko changu na kukionea haya, kwa sababu mtu aliyetaka bwana harusi arudie ndiye yule yule aliyewaambia wakubwa kuwa simu haikulia.

Hakuwa mtu mbaya wa machoni. Hilo ndilo gumu. Wiki ile ya matanga alikuja na mfuko wa unga begani, akaushusha jikoni, akaondoka bila kukaa. Kabla ya mvua zilizofuata alipanda juu ya nyumba yangu akabadilisha mabati yaliyooza. Umeme wetu ulipokatika upande wangu tu, alivuta waya kutoka kwake, juu ya ukuta, akaupitisha ndani ya bomba ili usilowe. Na Kabeya alimchukua kama mwanawe. Alimfundisha kuchuna waya bila kuukwaruza ule uzi wa shaba, alimfundisha kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya ikashika vizuri, alimgombeza kwa kazi ya kulipua. Leo Kabeya ni fundi anayeitwa hadi Kakanda kufunga mitambo ya jua kwenye mapaa ya watu wenye nafasi. Ukimwona anavyoshika koleo, kidole kidogo kimekaa pembeni, umemwona Shefu. Kabeya alianza kumwita papa, yaani baba, akiwa bado shuleni. Sikumkataza. Nilimshukuru yule mzee mbele za watu, kwa mikono miwili, na unga wake nilikula.

Alipokosa kazi, wenzake wengine walichukua jembe, wengine chupa. Yeye alichukua sebule. Aling'oa milango miwili ya vyumba vya ndani, akailaza juu ya magogo, akaanza kujenga juu yake stesheni yetu ya Likasi, ndogo, kila njia mahali pake. Padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao alimwachia kisanduku cha treni ya kuchezea, kichwa kimoja na mabehewa machache, na reli za kutosha kuzunguka meza. Zilizobaki alizitengeneza mwenyewe kwa vipande vya chuma, usiku na mchana, akipima kwa rula na kwa kumbukumbu. Alijua bati lipi la paa la bohari lilikuwa limepinda, akalipinda.

Mkewe alivumilia kwa muda. Viti vilihamia uani, wageni wakawa wanapokelewa chini ya kamba ya nguo, na yeye mwenyewe alikula amesimama jikoni kwa kuwa meza ya chakula ilibeba bohari. "Minye naliolewa na muntu," aliniambia siku moja kupitia ukutani, "sasa niko muke wa gare." Gare, yaani stesheni. Alisema huku anacheka, lakini baadaye alienda kwa dada yake Kolwezi kupumzika, na bado anapumzika. Shefu alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi akiwa amembebea mizigo yote, akahakikisha mlango wa basi umefungwa vizuri, akarudi kwenye reli zake.

Kazi aliyoipenda kuliko zote, na iliyomchukua miaka mingi zaidi, ilikuwa ubao wa kuziongoza treni. Inabidi nieleze. Reli inapogawanyika kuwa mbili, pana vyuma viwili vilivyochongoka, ndimi mbili, ambazo husogea huku au kule, na treni hufuata ulimi ulipolalia. Wao kwa Kifaransa chao huita aiguille. Kwenye stesheni kubwa ndimi hizo zilisogezwa kwa umeme kutoka posti: unabonyeza, ulimi unahama, taa inawaka kukuambia. Shefu alitaka kitu hicho hicho sebuleni kwake. Kwa kusogeza ndimi alitumia vile vimota vinavyofunga milango ya magari. Alivikusanya gereji moja baada ya nyingine, kutoka kwenye magari yaliyokufa. Ubao ulikuwa bati la mlango wa friji, limepakwa rangi nyeusi, na njia zote zimechorwa kwa rangi nyeupe. Vitufe ni vya kengele za mlango. Taa ni zile punje ndogo za tochi za jua zilizoharibika. Na nyaya, nyaya zote, ni za simu ya reli, zile nyembamba zenye rangi mbili mbili. Mtu ambaye hakula hata embe la jirani lililoanguka upande wake alikuwa na kilomita za waya wa kampuni chini ya meza. Nilimwambia siku moja, kule gerezani Buluo kuna vijana waliofungwa kwa kipande kifupi kuliko hicho. Alicheka mpaka akatoa miwani.

Jumapili baada ya misa nilikuwa nakwenda kumtazama akifunga. Kabeya akiwepo, yeye ndiye aliyemsaidia. Asipokuwepo, nilimshikia tochi mimi. Alipenda kufundisha, hata kama anayefundishwa ni mwalimu. Nikajifunza kwamba waya mmoja unaweza kurudisha umeme wa vimota vyote, kila kimota hakihitaji wake. Nikajifunza kwamba kitufe kinabonyezwa na kuachwa hapo hapo, kwa sababu ukikishikilia, kimota kinaungua. "Gusa, acha," alisema, na mimi nilirudia, bila shaka.

Somo kubwa lilikuwa la taa.

"Angalia, Mama Kabeya," aliniambia, amelala chali chini ya meza. "Bantu mingi banafunga lampe ku bouton. Ni mubaya. Ukibonyeza, lampe inawaka, weye unafurahi. Mais ile aiguille pengine haikutembea hata kidogo. Lampe inapashwa kutoka kule, ku aiguille yenyewe. Ikifika mpaka kwenye mwisho, njo inagusa contact, kile kichuma kidogo ku mwisho, njo lampe inawaka."

"Kwa hiyo ukiifunga kwenye kitufe inakuonyesha nini?"

"Inakuonyesha kile uliomba. Minye napenda inionyeshe kile kilifanyika."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Niliyatumia shuleni, kwenye somo la sayansi, na watoto waliyaelewa haraka.

Jumapili iliyonibadilisha ilikuwa ya kawaida kabisa. Kabeya alikuwa Kakanda. Shefu alikuwa ameugeuza ubao, ametandaza mgongo wake wote wa nyaya juu ya gazeti, na mimi namulika. Kwa kuwa nilishajua kusoma zile rangi, nilikuwa nazifuata kwa macho kujifurahisha tu. Kila taa ilipata waya wake wa buluu na mweupe kutoka chini, kutoka kwenye ndimi za reli. Taa ya njia ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo. Ya nne pia. Taa ya njia ya tatu haikuwa na waya kutoka chini. Ilikuwa na kipande kifupi, chini ya urefu wa kidole, kutoka kwenye kitufe moja kwa moja.

Nilidhani amechoka. "Shefu, hii umesahau."

"Hapana," alisema bila kunyanyua kichwa. "Pale kulikuwa vile."

Alisema kwa kiburi kidogo, kama fundi aliyeulizwa kama amepima. Halafu mikono yake ikasimama. Nilimwona akilisikia neno lililokwisha kumtoka.

Mtu huyu angeweza kudanganya wakubwa, padri, mkewe, na mimi kila siku ya Mungu juu ya ukuta. Lakini ile stesheni yake hakuweza kuijenga tofauti na ilivyokuwa.

"Kule kazini?" nikauliza. "Taa ya njia ya tatu ilifungwa kwenye kitufe?"

"Contact iliharibika mu mvua. Tuliomba ingine. Haikukuya. Kazi ilipashwa kutembea, mama."

"Nani aliifunga?"

"Bakubwa balifurahi. Balisema, voilà muntu anayua kujitegemea."

Hivyo ndivyo tunavyoishi hapa, sikumshangaa. Kipuri hakiji, mtu anatafuta kipande cha waya, gurudumu linazunguka, anasifiwa. Nyumba zetu zote zimesimama kwa vipande vya namna hiyo. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuiona asubuhi ile yote. Mabehewa ya mawe ya shaba yalikuwa yakiyamwaga njiani kila siku, watoto waliyaokota wakayachezea. Jiwe moja likianguka kati ya ulimi na reli, ulimi hausogei. Posti imebonyeza, taa imewaka, kila kitu kizuri kule juu. Huku chini njia ya tatu bado iko wazi na kichwa cha treni kinakuja.

"Na Baba Kabeya?" nilisema. "Aliuliza?"

Shefu Posti aliweka bisibisi mfukoni. "Zima tochi, mama," alisema. "Pile zitaisha."

Jumapili iliyofuata ubao ulikuwa umerudishwa mahali pake. Kwenye njia ya tatu hapakuwa na taa. Palikuwa na tundu, na juu ya tundu kipande cha utepe mweusi kilichokatwa vizuri sana, pembe zote sawa.

Kuanzia hapo nilimjua mtu mwingine, au niseme niliyemjua alianza kunuka. Yote aliyoyafanya niliyapitia upya. Hakukanyaga tena reli za stesheni tangu ajali ile. Akienda sokoni alizunguka mbali, juani, na mimi niliwahi kuwaambia watu kuwa anamheshimu marehemu. Watu wa mtaa walimpelekea ugomvi wao auamue, wa mipaka, wa ndoa, wa mbuzi. Alikaa uani na kiti chake cha nyuzi, akamsikiliza kila mmoja mpaka mwisho, na alikuwa na maneno yake ya kumwambia mkosaji: "Sema tu. Ukisema, utalala." Walisema. Nilikuwa nikiwasikia kutoka upande wangu wa ukuta, watu wazima wanakiri kuhamisha jiwe la mpaka, na yeye anawasamehe kwa sauti ile nzito aliyoimbia besi kanisani. Nilikuwa nakatakata mboga na kisu kinaniteleza.

Nilimfuata kwenye kiwanja cha kanisa. Nilimwambia, sitaki wakubwa, sitaki mahakama, nataka umwambie Kabeya tu. "Nimuambie nini, mama?" alijibu kwa upole, akanishikia mwavuli. Nilimfuata tena nyumbani kwake, nikamfuata hospitali alipolazwa mara ya kwanza. Kila mara alikuwa na jambo la kunifanyia. Mara bomba langu linavuja atalitazama, mara nimekonda nipumzike. Nilikuwa sijawahi kuchukia wema kabla ya hapo.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mwanangu mwenyewe. Nilijaribu kuanza mara moja tu. Kabeya alikuwa anakula. Nilisema, "Unajua Shefu, wakati wa baba yako," na yeye akanikata, uso umemfurahi: "Bila ile muzee, mama, shiye tungekuwa wapi?" Nikamwongezea mboga. Neno la mjane dhidi ya mtu aliyeezeka nyumba yake. Nilihitaji kinywa chake, si changu.

Nilimkuta tayari kusema msimu wa mvua uliopita, alasiri, na nitaeleza ilivyokuwa kwa sababu ndipo inapoishia.

Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vimemkataa. Kabeya alikuwa amehamishia godoro lake sebuleni, kando ya meza ya reli, kwa kuwa aliomba azione. Kabeya alimwogesha, alimpikia, alimfulia mashuka. Siku hiyo nilimletea uji. Umeme ulikuwa umerudi, maana hapa kwetu Koni, penye bwawa la umeme, iko jirani lakini mwanga unatukumbuka ukitaka. Mwanangu alikuwa uani anafua. Shefu alikuwa ameketi, mgongo ukutani, na ule ubao uko mapajani mwake. Utepe haukuwepo. Tundu la njia ya tatu lilikuwa na taa.

"Kaa, mama," alisema. Nikakaa. Alitazama ubao, si mimi.

"Aliuliza."

Nilishika bakuli la uji kwa mikono miwili.

"Alipiga simu. Alisema: njia ya tatu imefungwa? Niliangalia lampe, ilikuwa inawaka. Nilimuambia: imefungwa, ingia. Alirudia muzuri. Alisema: imefungwa, naingia." Akaigusa ile taa kwa kidole. "Ile fil, ule waya mufupi, ni minye niliifunga. Mbele ya bakubwa kufika, nilienda na koleo, niliikata, niliitosha. Hakuna muntu aliona."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo maisha yangu yote ya ujane, na lilipokuja nililia kama mjinga, na uji ukamwagika kwenye gauni. Imefungwa, naingia. Nilisikia sauti yake kabisa. Alikuwa hivyo. Alirudia kila kitu.

Nilipopata pumzi nikasema, "Kabeya yuko uani. Namwita. Umwambie hivyo hivyo."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Juu ananipenda," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka, nayo niliyaona na hayakunigusa. "Niko nakufa, mama. Muache nikufe na mutoto. Nyuma, weye utamuambia."

"Hataniamini."

"Tableau, hii ubao, itamuonyesha. Nimefunga tena sawa vile kulikuwa. Yee ni fundi, ataona."

Mpaka mwisho, alitaka waya useme badala yake. Nilisimama, nikamwita mwanangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kabeya aliingia na mikono yenye sabuni.

"Kuko nini?"

"Sema," nilimwambia Shefu. "Sema mbele yake."

Shefu Posti alifumba midomo.

Basi nilichukua msumari mdogo kutoka kwenye kopo lake, nikauweka kwenye reli ya njia ya tatu, kati ya ulimi na chuma, pale ambapo jiwe lilikuwa. Nikamwambia Kabeya atazame ulimi, asitazame mahali pengine. Nikabonyeza kitufe. Kimota kiliguna. Ulimi haukusogea hata unywele. Taa kwenye ubao ikawaka, kijani, nzuri kabisa.

"Umeona?" nilisema. "Njia iko wazi, na taa inasema imefungwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa posti siku ile. Baba yako alipiga simu akauliza, na huyu akatazama taa akamwambia ingia. Huyu ndiye aliyeufunga waya huo, na huyu ndiye aliyeuondoa. Ameniambia sasa hivi. Mwulize."

Kabeya alinitazama, akamtazama mzee. Shefu alikuwa amefumba macho. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Mama," mwanangu alisema polepole, kwa sauti ya kumwongelesha mgonjwa, na mgonjwa nilikuwa mimi. "Papa ni mugonjwa. Usimutese. Yangu baba alijitakia, na hii mambo ilishaisha zamani."

Alilisema neno hilo. Alilisema mbele ya yule mtu, na yule mtu alisikia. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, na mdomo wake ulikuwa mzima.

Kabeya alijifuta sabuni kwenye suruali, akauinua ubao kwa uangalifu kutoka mapajani kwa mzee, akaugeuza. Alikiona kile kipande kifupi mara moja. "Ah, voilà," alisema. "Ni kosa kidogo. Ulifunga lampe ku bouton, papa. Weye, tena!" Alicheka kidogo, kwa mapenzi. Nilimwambia usikate. Nilimshika mkono. Aliutoa mkono wangu taratibu, akachukua koleo, kidole kidogo pembeni, akakata. Akavuta waya wa buluu na mweupe kutoka chini ya meza, akauchuna bila kuukwaruza, akauyeyushia risasi mahali pake. Hakuchukua muda. Amefundishwa vizuri.

"Bonyeza sasa, mama."

Nilibonyeza. Msumari ulikuwa bado pale. Kimota kiliguna, ulimi ukakwama, na taa ya njia ya tatu ikabaki giza.

"Unaona?" Kabeya alisema. "Sasa haidanganye tena."

Shefu Posti alifumbua macho. Alitazama taa, kisha kazi, kisha mwanangu.

"Muzuri, mwana," alisema.

Kabeya akatabasamu, akamwekea mto vizuri.